Nzi wa Akinyi, Wembe wa Tobias

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Uji wa nzi umeungua leo. Nilikuwa namwangalia bata dume pale nje, amemkalia jike shingoni, anamzamisha kichwa kwenye beseni. Nikasahau sufuria. Nilitoka na mwiko nikamchapa yule dume mpaka manyoya yakaruka. Jike akaondoka akichechemea, hata asante hakuna. Nikarudi, nikakwangua sufuria, nikapika upya.

Kazi yenyewe si ngumu. Unga wa mahindi, sukari, hamira kidogo, na ule unga mweupe wa Akinyi unaogandisha uji ukashikana kama samli. Unamwaga kwenye vichupa ukiwa moto. Ukipoa unatia nzi, unaziba na pamba. Nzi wenyewe ni hawa wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Mtaa mzima wa Otonglo watu wanawafukuza. Mimi nawapikia.

Akinyi amelala na mtoto. Mkono umevimba tena.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ouma anawaambia watu kanisani kwamba binti yake amekuja kutembea. Mwanangu huyo, nilimnyonyesha mwenyewe, anadanganya mbele ya madhabahu. Basi niandike ilivyokuwa, isije siku moja nikaanza kumwamini.

Mjukuu wangu Akinyi alishuka kwenye pikipiki asubuhi moja mwezi uliopita, mwanawe mkubwa Okoth yuko mgongoni, mtoto mchanga kifuani, mkono wa kushoto umefungwa taulo. Taulo lilikuwa la rangi ya krimu. Nilijua tu kwa lile pindo, kwa sababu mimi ndiye niliyempa siku ya harusi. Kwingine kote lilikuwa jekundu.

Wakati wa kumzaa huyu mdogo kizazi kilipasuka. Daktari alimwambia mumewe, Tobias, ana kwa ana: mimba nyingine itamuua. Tobias akasema madaktari ni waoga, mama yake amezaa kumi na bado analima. Akinyi akaenda kimya akawekewa vile vijiti viwili vya kupanga uzazi, chini ya ngozi ya mkono. Akakaa navyo. Siku moja mume anampapasa mkono, akavigusa. Akaenda dukani akanunua wembe. Akamwekea goti kifuani. Akachimba. Alitoa kimoja. Cha pili walikitoa hospitali kwa sababu nyama ilikuwa imeanza kuoza.

Nyumba ya Milimani, maua getini, gari linaoshwa kila asubuhi. Tai shingoni. Na wembe wa dukani.

Ningekuwa mwanamume ningeshamuua. Naandika hivyo na sifuti.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nzi walikuja baada yake, ndani ya katoni. Akinyi anasomea mambo yao kule chuo cha Bondo. Sasa hawezi kwenda, Tobias anaegesha gari pale getini anamngoja. Mwenzake wa darasani ndiye aliyeleta katoni. Nilidhani ni dawa. Nikafungua, nikaona nzi. Nikasema huyu mtoto amechanganyikiwa, nikatafuta mahali pa kuwamwaga. Akinyi alilia kwa mara ya kwanza hapo. Kwa mkono hakulia. Kwa nzi alilia. Kazi ya miaka, amesema. Wakifa hawa, chuo kimeisha.

Nikawapa rafu ya juu jikoni, mahali pa sufuria zangu nzuri.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo amenionyesha. Asubuhi ndipo wanapotoka kwenye maganda. Nzi jike akitoka ana rangi ya maziwa, mbawa zimekunjamana, hawezi kuruka, hata kutembea anayumba. Lazima umtoe upesi kabla madume hawajamfikia. Tunawalaza kwa barafu niliyoomba kwa wauza samaki. Wakilala, Akinyi anawatenga na unyoya wa kuku: jike huku, dume huku. Dume ni mdogo, makalio meusi.

Kichupa kimoja tulichelewa. Niliona kwa ile lenzi yake. Jike ametoka sasa hivi, bado ana maji. Dume tayari yuko nyuma yake. Akinyi anasema jike mkubwa humpiga teke dume, hukimbia, huruka. Huyu hana teke. Hana mbawa. Dume akampanda hapo hapo, wa pili akimvuta mguu. Walipomwachia, ubawa mmoja ulikuwa umechanika.

Nilitaka kuwaponda wale madume kwa kidole. Akinyi akanishika mkono. Akaniambia, "Dani," ndivyo anavyomwita bibi yake, "wacha. Hiyo ndiyo ninayosoma."

Nikamwambia basi umesoma vya kutosha.

Akacheka. Kumbe bado anacheka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ouma alikuja baada ya kanisa. Akala samaki wangu wote kwanza. Halafu akatoa lililomleta. Tobias anapiga simu kila siku, anasema wembe ulikuwa hasira tu, anamtaka mkewe. Ng'ombe wa mahari walikuja kwetu, wameshazaa. Halafu akasema lile linalomtisha kweli:

"Mama, akifia hapa tutamzika wapi?"

Maana kwetu binti aliyeolewa akiacha mume akafia kwa baba yake, kaburi lake linachimbwa nje ya uzio. Kama mbwa wa jirani. Ouma haogopi binti kufa. Anaogopa kaburi litakavyoonekana kutoka barabarani.

Nikamwambia mimi nitamzika chini ya kitanda changu na nitalala juu yake, nione nani atakuja kumhamisha.

Akasema, "Mlishe apone. Akipona arudi kwake."

Kumlisha nitamlisha.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimeelewa kazi ya Akinyi, au nadhani nimeelewa. Rafu ya kulia, majike wanakaa na madume siku zote. Rafu ya kushoto, dume anaingia mara moja, wakimaliza anatolewa, jike anaishi peke yake. Halafu unatazama nani anakufa kwanza. Wa kulia wanakufa kwanza. Kila mara.

Nikasema si ajabu, wanasumbuliwa hata kula hawali. Akasema si usumbufu peke yake. Maji ya dume yenyewe yana kitu ndani. Yanamfanya jike asitake dume mwingine, atage mayai upesi upesi, na yanamkata maisha. Dume hajali. Yeye anataka mayai yake leo. Jike akifa kesho, ni jike wa mtu mwingine.

Nilikaa na hilo nikichambua omena. Nilizaa wanane. Nimezika wanne. Meno yangu ya nyuma yalitoka moja moja, kila mimba na lake. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna mtu anahesabu upande wangu.

Akinyi anahesabu. Hata kwa nzi, anahesabu upande wa jike. Nilimbusu kichwani kwa nguvu mpaka akasema nimemuumiza.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Homa. Mkono unanuka. Bi Zuhura jirani yangu alifika akiwa amefunga, midomo imekauka, akamwona akasema, "Mama Ouma, huyu umemweka hapa wa nini? Unamsubiri aoze?" Ana mdomo mchafu kwa mtu mwenye swaumu. Lakini ndiye aliyesimamisha gari.

Wamemlaza. Wamemfungua mkono wakatoa usaha. Watoto wote wawili wako kwangu. Kabla hajaingia alinishika kanga. Nilidhani atasema watoto. Akasema, "Dani, nzi." Halafu akasema watoto.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nimebadilisha vichupa vyote peke yangu. Macho yanauma.

Wale wa kulia wananitia huruma. Wamekonda. Jike anaenda kula, madume watatu nyuma yake. Anakimbilia ukutani, wako hapo. Nimewatilia chakula kizuri. Ninatengeneza busaa kidogo, pombe ya nafaka, ya vijana wa mazishi, na machicha yake yana nguvu, hata ndama ukimpa anasimama. Nimeweka kijiko juu ya uji wa kila kichupa cha kulia. Wa kushoto hawana shida, wana amani yao.

Kuleni, mama zangu.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Wamenenepa! Matumbo yanang'aa. Mayai yamejaa juu ya uji kama chumvi imemwagika. Nimewaongezea machicha.

Akinyi naye anakula. Nampelekea kuku, mchuzi wa mbuta, uji wa wimbi. Mashavu yamerudi. Muuguzi ameniuliza namlisha nini, nikamwambia upendo na mafuta ya samaki.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Wamekufa.

Akinyi alirudi jana. Leo asubuhi alinyanyua vichupa vya kulia kimoja kimoja akivitazama na jua. Chini wamelala majike kama mbegu za wimbi, miguu juu. Mabuu wamejaa, wanachemka kwenye uji. Mama zao wote chali.

Akaniuliza niliwapa nini. Nikamwambia. Nilidhani atanipigia kelele. Afadhali angepiga.

Akakaa kwenye kigoda changu akanieleza polepole, kama alivyonifundisha herufi zamani akiwa darasa la pili, vidole vyetu kwenye majivu. Jike akishiba anakuwa na mayai mengi. Akiwa na mayai mengi madume wanamtaka zaidi, wanene ndio wanaofuatwa zaidi. Wanampanda zaidi. Anataga zaidi. Anaisha upesi zaidi.

"Dani, uliwapa nguvu ya kufa."

Nililia. Mwanamke wa umri wangu analilia nzi. Niliwaua kwa mkono wangu wa kulishia. Mkono uleule.

Mchana Ouma akaja. Alimtazama binti yake toka mashavuni mpaka miguuni, hivi anavyotazama ng'ombe pale sokoni. Akasema amenenepa, Mungu ni mwema, sasa anaweza. Tobias anakuja Jumapili na mzee wa kwao kumchukua.

Nikatazama sufuria yangu ya mchuzi.

Nilikuwa namlishia Tobias. Wiki zote hizi. Kila kuku.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Nimegombana na Ouma mpaka koo limekauka. Nilimwambia lile ambalo nimelinyamazia tangu tumzike mkewe. Mama yake Akinyi alikufa akizaa wa saba. Daktari alikuwa amesema basi kwa wa tano. Ouma ndiye aliyesema madaktari ni waoga. Tobias hakuyatunga maneno hayo, aliyakuta hapa kwetu.

Ouma alinyanyua mkono. Juu kabisa. Nikamwambia piga. Akaushusha akautazama kama si wake. Akaenda.

Akinyi alisikia yote. Alikuwa anaosha vichupa, maji yanamwagika pembeni.

Niliuliza kama atarudi Milimani. Akasema, "Dani, nikikataa na baba akikubali, nitakaa wapi na watoto wawili? Barabarani? Atakuja hata huko." Kachoka. Anaongea kama mtu aliyeshaingia ndani ya gari.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Leo sikupika kitu cha maana. Nilikaa nikifikiri.

Kwetu mwanamume akimpiga mkewe, wazee wanakaa, wanakunywa chai, wanazungumza, wanaagiza chai nyingine. Akimkata kwa wembe, vilevile, labda chai na mkate. Lakini mkwe akimwinulia mkono bibi wa mkewe, hapo hakuna chai. Ameharibu. Anavuta chira, ile laana inayomkausha mtu na watoto wake wakatazama. Mguu wake haukanyagi tena boma hilo mpaka litakaswe, na wazee wa kwetu wasipotaka kutakasa, haukanyagi milele. Hakuna baba anayeweza kumrudisha binti kwa mtu kama huyo. Hata Ouma.

Na mimi mfupa wangu ni wa zamani. Unavunjika kirahisi.

Nimempikia Akinyi samaki. Hakula. Sikumlazimisha.

Jumanne, tarehe 1 Aprili

Naandika kwa kushoto. Mtulinga wa kulia umevunjika. Herufi zinatambaa kama mabuu. Nitakwenda polepole.

Jumapili walikuja mchana. Tobias, tai ya bluu, viatu vinang'aa, na mzee mmoja wa kwao mwenye kofia. Ouma aliwatolea viti nje, soda, mandazi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko. Akinyi alikuwa ndani na watoto na vichupa.

Tobias anaongea vizuri, sikatai. Alisema ndoa ni uvumilivu. Alisema ibilisi alimpitia. Mzee wa kofia akaitikia ndiyo, ndiyo. Ouma anatazama soda. Halafu Tobias akaona maneno yanatosha, akanyanyuka akaja mlangoni kwangu.

Sasa, kwetu bibi na mjukuu ni wake wenza. Ndio utani wetu. Tangu Akinyi akiwa mdogo ninamwita nyieka, mke mwenzangu, na siku Tobias alipokuja kuposa nilimwambia mbele ya watu kwamba ameoa wawili. Alicheka sana siku ile.

Nikamwambia kwa sauti, "Bwana wangu! Umekuja kumchukua mke mdogo na mimi mkubwa hata salamu hunipi?"

Watu walicheka. Mzee wa kofia alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Tobias akacheka pia.

"Dani, nipishe nimchukue mwenzako."

"Sipishi. Mwenye mlango ni mke mkubwa. Wembe umekuja nao leo? Anza na mimi basi, ndiyo heshima."

Nikamnyooshea mkono wangu wa kushoto, nikapandisha nguo mpaka kwapani. Nikamwambia achimbe. Nikamwonyesha na mahali, palepale alipomchimba Akinyi. Mzee wa kofia aliacha kucheka. Akauliza wembe gani? Kumbe hakuambiwa. Ouma naye alikuwa ameficha upande wake. Basi nikawaambia wote, kwa sauti ya soko: goti kifuani, wembe, vijiti, kizazi kilichopasuka, daktari alivyosema. Uzio ulikuwa umejaa vichwa vya majirani. Nikawaambia na wao.

"Dani, mzaha umeisha," Tobias akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. Nadhani hiyo ndiyo sauti Akinyi anayoijua.

"Nani anakutania, mjinga wewe?"

Akanipita kwa bega. Nikampiga mwiko wa sikio. Akaingia ndani, akamshika Akinyi. Mkono uleule. Alijua ni upi, akachagua huo. Akinyi alipiga ukelele sijawahi kuusikia hata kwa mama yake akizaa. Rafu ya kulia ikaanguka. Vichupa vikapasuka vyote, uji, vioo, nzi wakapaa wakajaa jikoni kama moshi. Watoto wanalia chini ya meza. Akinyi akamng'ata kidole gumba, akang'ang'ania. Tobias akampiga kichwa. Hakuachia.

Mimi nikamshika tai kutoka nyuma nikavuta. Sijui kama nilivuta ili anipige au nilivuta ili nimnyonge. Nadhani vyote viwili. Alikohoa. Akageuka akanipiga ngumi hapa juu ya kifua, nikaruka nikatua kwenye jiwe la kusagia. Niliusikia mfupa. Ulilia kama kuni kavu.

Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniangusha hivyo, na alikuwa mlevi.

Halafu nzi tu.

Bi Zuhura ndiye aliyepaza sauti kwanza. Alikuwa juu ya ndoo pale kwenye uzio: "Amemuua! Amemuua bibi mchana kweupe, mwezi wa toba! Laana hiyo, mkaibebe kwenu!"

Mzee wa kofia alivua kofia akaifunika usoni. "Tobias," akasema, "umetumaliza." Hakuingia kunitazama. Alirudi nyuma nyuma mpaka nje ya lango, kama mtu aliyeona nyoka.

Ouma alisimama mlangoni. Nilikuwa chini, nilimwona tangu viatu. Alinitazama, akamtazama binti yake mdomo umejaa damu ya mume. Alitazama muda mrefu. Halafu akamwambia Tobias, wala hakupaza sauti, "Toka. Usigeuke nyuma. Gari lako litatoka hapa likiwa zima kwa sababu nina wajukuu wanatazama."

Tobias akaanza, "Baba, mimi..."

"Usiniite baba."

Akatoka. Tai imemzunguka kisogoni kama mkia.

Niliumia. Bado naumia. Sitasema ilikuwa tamu. Kukohoa ni kifo. Lakini nilipokuwa pale chini kwenye vioo Akinyi alikuja akakiweka kichwa changu mapajani mwake, akaniambia, "Dani, ulifanya makusudi." Nikamwambia nyamaza, watasikia.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Wazee wa kwao Tobias wamekuja watatu. Walisimama nje ya lango, hawakuthubutu kuingia. Wameleta mbuzi wa utakaso. Ouma amekataa mbuzi. Mbuzi alikuwa mnono, nilimwona dirishani, nikasikitika kidogo.

Wakamwuliza kama anataka binti akae hapa mpaka afe, azikwe nje kama asiye na watu. Ouma akawaambia siku hiyo ikifika atahamisha uzio.

Nilisikia kwa masikio yangu. Atahamisha uzio. Nimemzaa mtu, basi. Imechukua muda lakini nimemzaa.

Akinyi ameandikisha polisi. Walimwuliza kwanza alimkosea nini mumewe. Akasimama hapo mpaka wakaandika. Mwenzake wa Bondo alikuwa naye. Tutaona. Siwaamini, lakini tutaona.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Bi Zuhura ananiogesha. Ana mikono ya chuma. Ameniambia nimekonda, kwamba nikifa sasa itakuwa aibu baada ya kazi yote ile. Pilau yake ya Idd bado ipo, anaipasha moto kila siku kama dawa.

Rafu ya kushoto haikuanguka. Akinyi ameanza upya na hao, na wengine wa kulia atawapata kutoka kwa mwenzake. Amesema kosa langu la machicha ameliandika kwenye kazi yake, mwalimu wake anataka alirudie kwa makusudi, na vipimo. Sikufurahi. Nilimwambia wafe kwa ajili ya shule, lakini asinipe mimi kijiko.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Ameniambia hataki vijiti tena. Anataka kufungwa kizazi kabisa. Amesema anao wawili na anataka kuwaona wakioa.

Ilinichoma. Sitadanganya. Ana miaka ishirini na tisa. Ndani yangu kuna mwanamke wa zamani ambaye akisikia kizazi kimefungwa anasikia mlango wa nyumba umebomolewa. Nilitaka kumwambia angoje, mume mwingine anaweza kuja, mwema. Nilifungua mdomo.

Halafu nikamtazama huo mkono. Kovu limekaa vibaya, limevuta ngozi.

Nikafunga mdomo. Nikamwuliza siku ya kwenda ni lini, na nani atabaki na watoto. Akasema wewe. Nikasema kwa mkono mmoja? Akasema kwa mkono mmoja unamshinda Tobias.

Tukacheka mpaka mtulinga ukaniadhibu.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Amekwenda asubuhi, amerudi jioni. Ouma mwenyewe alimpeleka na kumrudisha. Hakuingia ndani. Aliacha maziwa mlangoni akaondoka.

Akinyi anatembea ameinama. Amesema ni kidonda kidogo tu, pale chini ya kitovu. Amekunywa uji. Nikamwuliza anajisikiaje.

Akafikiri. Akasema, "Kama nimefika."

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha. Ziwa linanuka mpaka huku.

Akinyi amelala. Jua limeingia mpaka uvunguni na bado amelala, mdomo wazi, mikono imetupwa huku na huku kama mtoto. Tangu aje hapa hajalala hivyo. Alikuwa analala amejikunja, ngumi chini ya kidevu. Okoth alitaka kumwamsha amwonyeshe konokono. Nimempa kazi ya kumtafutia konokono mwenzake.

Nimekaa kwenye kizingiti na mdogo kwenye paja la kushoto. Mkono wa kulia umefungwa. Sina la kufanya. Ni ajabu kukaa bila la kufanya.

Muuza samaki akapita na baiskeli yake, akafungua kinywa apige kelele zake za kila siku. Nikaweka kidole mdomoni, nikaonyesha dirisha kwa kidevu. Akafunga mdomo. Akashuka. Akaisukuma baiskeli polepole, akiishika kengele isilie, mpaka akapita ua wote.